Picha za Michezo ya Japani na Leso za Mama Zetu



Juzi jioni, hapa kwetu Wenje, binti yangu alinijia na simu yangu mkononi. Yuko Gredi ya Tisa, na mwalimu wao wa sanaa alikuwa amewapa kazi ya kuandika kuhusu kuchapa picha kwa ubao wa mti. Akanionyesha picha moja. Mwanamume amekunja uso, mdomo umeshuka pembeni, macho madogo yamekaza, na mikono miwili imechomoza kifuani kutoka ndani ya vazi, vidole vimetanuka kama kucha za mwewe.

"Baba, huyu ana nini?" akaniuliza.

Nikamwambia, ngoja nisome kwanza. Mimi diploma yangu ni ya uandishi wa habari, si ya uchoraji, na mtu mzima hapaswi kuona haya kusema hajui. Siku tatu nilisoma kila nilichokipata. Nilichofikia mwisho wake kilinishangaza, kwa sababu kilinirudisha ndani ya sanduku la mama yangu, lile alilokuwa akiwekea leso zake. Leo nataka nikueleze njia hiyo hatua kwa hatua, kutoka Japani mpaka ukingo wa Mto Tana.

Mji uliopenda michezo

Picha ile ilichapwa mwaka 1794 katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Mchoraji wake alijiita Toshusai Sharaku. Aliyechorwa ni mwigizaji Otani Oniji wa Tatu, na katika mchezo huo alikuwa mtumishi mwovu aitwaye Edobei, anayejiandaa kumvamia mtu ampokonye fedha. Basi ile mikono ni mikono ya mwizi kabla hajaruka.

Michezo hiyo inaitwa kabuki. Inasimuliwa kwamba ilianza mwaka 1603, wakati mwanamke aitwaye Okuni alipocheza ngoma na vichekesho kando ya mto katika mji wa Kyoto. Watu wakamiminika. Mwaka 1629 serikali ikawapiga marufuku wanawake wasipande jukwaani, ikidai kwamba maadili yanaharibika. Tangu hapo kazi yote ikawa ya wanaume, hata nafasi za wanawake. Wako wanaume waliotumia maisha yao yote kujifunza namna mwanamke anavyokaa, anavyomimina chai na anavyolia.

Ndani ya kabuki kuna kitu kinaitwa mie. Mchezo unapofika penye joto kali, kwa mfano mtu amegundua kasalitiwa, au anachomoa upanga, mwigizaji husita ghafla. Huganda kama sanamu, hutanua mikono, hukaza shingo, na pengine jicho moja huligeuza kuelekea pua. Vipande vya mbao hugongwa sakafuni, ta-ta-ta, na watazamaji hupiga kelele wakilitaja jina la ukoo wake wa uigizaji. Baada ya pumzi chache mchezo huendelea.

Hiyo pumzi iliyoganda ndiyo waliyoitaka wachoraji. Mtu ametoka kwenye mchezo, moyo unamwenda mbio, na njiani anapita dukani anamkuta mwigizaji yule yule kwenye karatasi, ameganda vile vile. Ananunua, anaipeleka nyumbani, anaibandika ukutani. Bei yake haikuwa kubwa. Wanaoijua historia hiyo huifananisha na bei ya bakuli la tambi. Hizo zilikuwa picha za watu wa kawaida: seremala, muuza samaki, mke wa mwenye duka.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Edo katika karne ya 18 ulikuwa mji wa watu karibu milioni moja, na watu wake walipangwa kwa madaraja. Juu walikaa askari wenye panga, samurai. Wafanyabiashara na mafundi walikuwa chini, hata wale waliokuwa na fedha nyingi. Waigizaji walidharauliwa kisheria, huku mtaani wakipendwa kuliko mabwana. Kwa hivyo michezo na picha zake vilikuwa mali ya watu waliokuwa na shilingi mfukoni lakini bila heshima ya cheo.

Namna ilivyochapwa

Sisi watu wa Pwani tumezoea nakshi. Aliyewahi kusimama mbele ya mlango wa Lamu anajua kazi ya tindo na nyundo. Picha za Japani zilianzia hapo hapo, kwenye ubao na tindo, ila ubao wenyewe haukuwa wa kutazamwa. Ulikuwa mhuri.

Kazi ilihitaji watu wanne. Wa kwanza ni mchapishaji, mwenye mtaji na duka, ambaye huamua mchezo gani unavuma na picha gani itauzika. Wa pili ni mchoraji. Wa tatu ni mchongaji. Wa nne ni mpigaji chapa. Jina tunalolijua leo ni la mchoraji, lakini bila wale watatu hakuna picha.

Mchoraji alichora kwa brashi juu ya karatasi nyembamba. Karatasi hiyo ilibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, ambao ni mti mgumu wenye chembe za karibu karibu. Mchongaji akachonga akiufuata kila mstari, akiondoa mbao zote zisizo mstari, mpaka mistari ikabaki imeinuka. Kwa hiyo mchoro wa kwanza uliangamia pale pale kwenye ubao. Unywele mmoja wa pembeni ya paji la uso ulibaki ukuta mwembamba wa mti, na mkono ukiteleza mara moja kazi imeharibika.

Kisha kila rangi ilichongewa ubao wake. Nyekundu ubao wake, manjano wake, kijani wake. Ufundi huu wa rangi nyingi kamili ulishika mwaka 1765, na mchoraji Suzuki Harunobu ndiye anayetajwa sana katika mwanzo wake. Je, rangi kumi zinaangukaje mahali pake pasiwe na moja iliyopita mpaka? Kila ubao ulichongwa alama mbili, moja kwenye pembe na nyingine kwenye ukingo wa chini. Mpigaji chapa aliigusisha karatasi kwenye alama hizo kwanza, ndipo akailaza. Akikosea kwa upana wa uzi, mdomo wa mwigizaji umehamia shavuni.

Karatasi yenyewe ilitengenezwa kwa magome ya aina ya mforosadi. Ililoweshwa kidogo, ikalazwa juu ya rangi, ikasuguliwa mgongoni kwa kitu cha mviringo kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Hakukuwa na mashine. Fungu la kwanza aghalabu lilikuwa nakala 200 hivi, na picha ikipendwa walirudia mpaka mistari ikalika.

Sharaku huyu wa binti yangu ni kisa peke yake. Alitokea mwaka 1794, mchapishaji Tsutaya Juzaburo akamtolea picha zaidi ya 140 kwa muda wa miezi kumi hivi, kisha akatoweka. Mpaka leo wataalamu wanabishana alikuwa nani. Alichora waigizaji bila kuwapamba: mzee anayeigiza msichana akamchora na taya lake la kizee. Leo yeye ni miongoni mwa wachoraji wanaojulikana zaidi wa Japani.

Kusema bila kusema

Serikali ya Edo haikuwa na raha na mambo haya. Kuanzia mwaka 1790 kila picha ilitakiwa ipate mhuri wa mkaguzi kabla ya kuuzwa. Na michezo haikuruhusiwa kutaja mambo ya wakubwa wa zama zile.

Watu wakajifunza kuzunguka. Mwaka 1701 bwana mmoja aliyeitwa Asano alichomoa upanga ndani ya ngome ya mtawala akamjeruhi ofisa aliyeitwa Kira. Akaamriwa ajiue. Wafuasi wake 47 wakala njama, wakangoja, na usiku mmoja wa baridi wakaivamia nyumba ya Kira wakamuua. Nchi nzima ilijua. Lakini nani angethubutu kuliigiza jambo hilo? Mwaka 1748 mchezo wa Chushingura ulitolewa, ukidai unasimulia mambo ya karne ya 14, na majina yote yamebadilishwa. Kila aliyeketi pale alijua ni nani anasemwa. Mchezo huo ukawa maarufu kuliko karibu yote, na wachoraji kama Kunisada, Kuniyoshi na Hiroshige wakachapa matukio yake tena na tena.

Mwaka 1842 serikali ikakaza zaidi, ikakataza kabisa picha za waigizaji. Utagawa Kuniyoshi akafanya nini? Miaka mitano hivi baadaye akatoa picha zinazofanana na michoro ya watoto watundu, ile ya kukwaruzwa kwa msumari kwenye ukuta wa ghala. Mistari imepinda, vichwa vikubwa, na katikati paka anacheza ngoma. Jina la mwigizaji hata mmoja halikuandikwa. Lakini watu wa mjini waliwatambua wote, huyu kwa pua yake, yule kwa kidevu chake. Mkaguzi angemshtaki vipi mtu aliyechora ukuta?

Nilipofika hapo niliiweka simu chini nikacheka peke yangu. Hiki kitu tunacho. Tunakiita fumbo. Na kwetu hakikuchapwa kwenye karatasi, kilichapwa kwenye leso.

Leso nayo ilitoka kwenye ubao

Neno leso tumelipata kwa Wareno, ambao kwao ni kitambaa cha mkononi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Pwani walinunua vitambaa hivyo vya kuchapwa vikiwa bado vimeungana kwenye jora. Walikata sita, wakavigawa vitatu vitatu, wakaviunga kwa sindano wakapata vazi moja. Wafanyabiashara wakaona biashara ilipo, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Wengine, hasa Unguja na bara ya Tanzania, huiita kanga, kwa kuwa zile za zamani zilikuwa na madoa meupe kama ya ndege yule.

Na zilichapwaje? Kisutu, ile leso nyekundu, nyeusi na nyeupe anayovishwa bi harusi, asili yake ilipigwa chapa kwa mkono India, kwa vibao vya mti vilivyochongwa. Hapa Pwani pia mafundi walipiga chapa kwa mkono juu ya marikani. Kanuni ni ile ile ya Edo: chonga ubao, paka rangi, gandamiza, inua. Baadaye viwanda vya Uholanzi na Uingereza vikaiga michoro hiyo kwa mashine na kuileta kwa marobota.

Ukiitazama leso utaona sehemu tatu. Pindo linaizunguka pande zote. Mji uko katikati. Na chini ya mji kuna jina, yaani maneno. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo wazee wetu waliandikia Kiswahili, kisha zikaja herufi za Kirumi. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la chapa ya "Mali ya Abdulla" lililoanza mwaka 1887, ndilo linalotajwa sana kwa kueneza desturi ya kuandika majina.

Kama ilivyokuwa Edo, uliza ni nani waliokuwa wakinunua. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na huku Pwani ya Kenya mwaka 1907. Wanawake waliokuwa wakivaa kaniki au marikani tupu, mavazi yaliyowatambulisha kuwa watumwa, walipopata uhuru walitaka nguo ya rangi. Leso ilikuwa rahisi na ilikuwa nzuri. Mwanamke aliyeambiwa miaka yote kwamba yeye si mtu, sasa alisimama mlangoni na doti yake, na maneno yake yameandikwa mgongoni.

Tofauti iko pia, na nisiifiche. Wajapani walichapa uso wa mwigizaji. Sisi, watu wa dini yetu, hatukuzoea kuchora nyuso za watu. Sanaa yetu ilikwenda kwenye maua, nakshi na hati. Leso ina korosho, nanasi, waridi, nyota. Mtu utamkuta kwa nadra, na mara nyingi ni kiongozi, kama ile ya mwaka 2008 ya kumpongeza Barack Obama. Basi mchezo wetu uko wapi? Ninavyoona mimi, leso ilibeba maneno tu, na mwigizaji akawa yule aliyeivaa. Anaingia kwenye harusi, anapita mbele ya mtu fulani, anageuka taratibu ili jina lisomeke. Kama hiyo si mie, basi sijui mie ni nini.

Kyoto mpaka Mombasa

Kisha nikapata jambo lililonifanya nimwite binti yangu aje aketi. Leso nyingi walizovaa nyanya zetu zilichapwa Japani.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia nguo za pamba za Japani zilikuwa zimejaa Afrika Mashariki kwa sababu ya bei yake nafuu. Baada ya vita, hasa miaka ya 1950 na 1960, biashara ikarudi kwa nguvu, na viwanda vya Kyoto vilichapa kanga kwa ajili yetu. Kyoto, mji ule ule ambao Okuni alicheza kando ya mto. Wenye maduka wa huku waliagiza michoro na maneno, na mafundi wa kule wakachapa methali za Kiswahili wasizozijua maana. Fikiria fundi wa Kijapani ameinama juu ya fumbo la mke mwenza wa Mombasa, akilitengeneza herufi kwa herufi kwa uangalifu.

Baadaye nchi zetu zikajenga viwanda vyake, kama Urafiki wa Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na India nayo ikachukua sehemu kubwa ya soko. Japani ikajitoa pole pole.

Sanduku la mama

Sasa nikwambie kwa nini nimeyasema yote haya.

Mama yangu na shangazi yangu, yaani wifi yake, waligombana kwa sababu ya mto. Wanaokaa kando ya Tana wanajua: mto huu huhama. Mwaka mmoja unalala hapa, ukija kujaa unakata njia nyingine, na shamba lililokuwa upande huu unalikuta ng'ambo. Shamba la babu lilikatwa hivyo. Kipande kizuri cha ndizi na maembe kilibaki upande wa shangazi, na kila mmoja akasema ni chake. Wazee waliketi, hawakufua dafu.

Nilikuwa mdogo, lakini harusi moja naikumbuka. Mama alivaa leso mpya iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Hakumtaja mtu. Alikwenda kuchota wali, akapita mbele ya jamvi alilokalia shangazi, akarudi, akapita tena. Wanawake walinyamaza wote kwa pamoja. Miezi kadhaa baadaye kwenye akika, shangazi akaja na yake: "Simba mwenda kimya ndiye mla nyama". Miaka kumi na moja hawakusalimiana kwa mdomo. Walisalimiana kwa leso.

Baba alipofariki, shangazi alikuja kumzika ndugu yake akakaa upande wake. Mama akaingia eda. Siku ya kutoka eda, baada ya miezi minne na siku kumi, shangazi alivuka kwa mtumbwi asubuhi mapema, akaingia ndani bila kubisha, akaweka doti moja juu ya mapaja ya mama, akakaa chini. Mama akaikunjua. Jina lake: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Hakuna aliyesema neno. Mama akainuka akateka chai. Tangu siku hiyo lile shamba walilima pamoja, mpaka shangazi alipotangulia mbele ya haki. Allah amrehemu.

Mama aliziweka leso zake zote kwenye sanduku la bati, kila moja na tukio lake. Hii ya harusi ya fulani, hii ya mwaka wa njaa, hii aliletewa kutoka Makka. Alikuwa hajui kusoma sana, lakini aliweza kukuelezea historia ya ukoo wetu kwa kuzitoa moja moja.

Novemba 2023 mvua za El Nino zilipotujia, mto ulipanda usiku. Tuliondoka na watoto, mus-haf, vitambulisho na sufuria mbili. Sanduku lilibaki. Tuliporudi lilikuwa limejaa tope, na nguo za chini zimeoza zikashikamana. "Hasidi hana sababu" ilikwenda. "Simba mwenda kimya", ambayo shangazi alimwachia mama, nayo ilikwenda. Iliyopona ni moja tu, kwa sababu mama alikuwa amejifunga kiunoni usiku ule alipokuwa akitoka. Unaijua ni ipi.

Nilipomsimulia binti yangu kisa hiki aliuliza swali moja: "Baba, zile nyingine kuna picha yake?" Hakuna. Mimi, mwandishi wa habari, niliyepiga picha za kila mkutano wa hadhara kutoka Garsen mpaka Hola, sikuwahi kupiga picha ya leso moja ya mama yangu.

Wajapani nao walikaribia kukosea

Usidhani Wajapani waliziheshimu picha zao tangu mwanzo. Zilikuwa kitu cha bei rahisi, cha kuvuma na kupita, kama leso yenye jina lililochuja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 zilitoka nchini kwa wingi, Wazungu wakazikusanya. Vincent van Gogh alikuwa na mamia yake, na mwaka 1887 alikaa akazinakili mbili za Hiroshige kwa rangi za mafuta. Jumba la makumbusho la sanaa la Boston huko Marekani lina zaidi ya 50,000 za Kijapani. Japani wenyewe walikuja kuamka. Mwaka 1928 Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, kilifungua jumba la makumbusho ya michezo ya jukwaani, na leo limehifadhi makumi ya maelfu ya picha za waigizaji. Mtu akitaka kujua mchezo fulani ulichezwa na nani, amevaa nini, ameganda vipi, anaangalia kwenye picha iliyowahi kuuzwa kwa bei ya tambi.

Leso zetu pia zimeanza safari hiyo. Makumbusho ya Uingereza, London, ina kanga, na mwaka 2013 ilizionyesha katika maonyesho ya nguo za Afrika. Ni jambo jema. Lakini makumbusho ya London itakuwa na nguo na jina lililoandikwa juu yake. Haitajua kwamba jina hilo lilipitishwa mara mbili mbele ya jamvi, wala kwamba leso nyingine ilivuka mto kwa mtumbwi ikamaliza ugomvi wa miaka kumi na moja. Hayo yako vichwani mwa mama zetu, na mama zetu wanazeeka.

Sisemi tujenge jumba. Kaunti ina mengi ya kujenga, ikiwemo kingo za huu mto. Nasema jambo dogo ambalo kila mwenye simu anaweza kulifanya wikendi hii. Nenda kwa mama, nyanya au shangazi. Mwambie afungue sanduku. Itandaze leso juani, piga picha pindo, mji na jina. Kisha muulize mambo matatu na uyaandike: aliipata lini, nani alimpa, na aliivaa siku gani mbele ya nani. Swali la mwisho usiliache, hata kama atacheka kwanza na kukwambia hayo ni mambo ya watu wazima. Zihifadhi picha mahali pawili, moja kwa ndugu aliye mbali na mto.

Sisi tumeanza. Mama alikuwa na doti nne alizonunua baada ya mafuriko na ile moja iliyopona. Tano. Binti yangu ameziandika zote kwenye daftari la shule, na kwenye kazi yake ya sanaa ameweka picha mbili ubavu kwa ubavu: Edobei na mikono yake ya mwizi, na nyanya yake ameipa kamera mgongo, amegeuza shingo kidogo, jina linasomeka vizuri. Mwalimu hajarudisha daftari bado. Mama kila siku anauliza amepata ngapi.